Mtoto anasoma, au anakwenda shule tu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tathmini huru ya elimu

Maswali haya nimeyaokota barazani, kwenye mikutano ya vijiji na kwenye mafunzo ya wajitoleaji, kwanza nikiwa mmoja wao, baadaye nikiwafundisha. Yanaanza na mepesi na kuishia na yale yanayotukunisha kichwa hata sisi wenyewe. Mahali jibu linapokurudisha kwenye swali jingine, nimekwepa kusema jambo moja mara mbili.

## Ya mwanzo

1. Tathmini huru ya elimu ni kitu gani hasa?

Ni kupima elimu kunakofanywa na watu wasioendesha shule, wasioajiri walimu na wasiotunga mtihani wa taifa. Inaweza kufanywa na asasi, chuo kikuu au hata wazazi wa mtaa mmoja. Hapa nazungumzia zaidi ile inayoitwa tathmini ya wananchi: wajitoleaji kutoka wilaya ileile wanapita nyumba kwa nyumba, wanakaa na mtoto mmoja mmoja, wanampa karatasi yenye maneno machache na kumwambia, "Hebu nisomee." Anachoweza na asichoweza vinaandikwa, kisha majibu ya watoto wote yanajumlishwa na kutangazwa hadharani.

2. Ilianzia wapi?

India. Shirika la Pratham, lililozaliwa Mumbai miaka ya 1990, lilikuwa likifundisha watoto wa mitaa maskini. Walipofika kwenye kijiji walianza kwa kuwapima watoto pamoja na wanakijiji wenyewe, ili kila mtu aone pa kuanzia. Mwaka 2005 kipimo hicho kikafanywa cha nchi nzima, vijijini, kikaitwa ASER. Kwa Kihindi neno hilo maana yake ni athari, na tukilisikiliza vizuri ni neno letu lilelile, kwa kuwa sisi na wao tulilichukua kwa Waarabu.

Afrika Mashariki kazi hii iliingia kwa jina la Uwezo, chini ya asasi ya Twaweza, mwaka 2009. Kenya ilitangulia kupima mwishoni mwa mwaka huo, Tanzania na Uganda zikafuata 2010. Leo Kenya kazi hiyo inaendelezwa na asasi ya Usawa Agenda. Ndugu wa familia hii, kuanzia Pakistan na Mali hadi Senegal na Mexico, wamejiunga katika mtandao wa PAL wenye makao yake Nairobi.

3. Kwani Baraza la Mitihani na wadhibiti ubora wa shule hawatoshi?

Kila mmoja ana kazi yake. Mtihani wa darasa la saba unaamua nani aende kidato cha kwanza. Mdhibiti ubora, yule tuliyezoea kumwita mkaguzi, anaangalia shule: azimio la kazi, andalio la somo, madaftari, majengo, wakati mwingine na kipindi darasani. Wote wawili tunawahitaji.

Tatizo ni kile kinachopita katikati yao. Mtihani wa darasa la saba unamkuta mtoto amekwisha kukaa shuleni miaka 7, na kama hakujua kusoma tangu darasa la pili, taarifa hiyo imechelewa miaka mitano. Pia mtihani hauwaoni walioacha shule njiani. Halafu, maswali yakiwa mengi ya kuchagua jibu, mtoto anaweza kupiga kivuli kwa bahati. Mwaka 2012 Watanzania tulishtuka kusikia kwamba wanafunzi kwa maelfu wameingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma na kuandika. Walikuwa na matokeo ya kufaulu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwauliza.

Mwaka 2024 ufaulu wa darasa la saba Tanzania ulikuwa asilimia 80.87. Takwimu hiyo inakwambia wangapi kati ya waliofanya mtihani walipata daraja A hadi C. Haikwambii kama yule wa darasa la tatu pale jirani anaweza kusoma tangazo la kliniki.

## Siku ya kupima

4. Kwa nini mnakuja nyumbani? Watoto si wako shuleni?

Ndilo swali tunaloulizwa na kila mwenyekiti wa kijiji. Ukienda shuleni unawakuta waliokuja siku hiyo. Hutamkuta anayechunga ng'ombe, aliyeacha shule, aliye mgonjwa wala anayesoma shule binafsi kilomita tano kutoka hapo. Na mwalimu mkuu akijua unakuja Jumanne, Jumanne hiyo huwa nzuri kuliko siku nyingine zote za mwaka.

Nyumbani wote wanapatikana, na kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia nilipoanza: mzazi anaona kwa macho yake. Nakumbuka bibi mmoja aliyetukaribisha ugani akiwa anapepeta mchele. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akamwita mjukuu wake wa darasa la nne kwa majivuno: "Huyu ndiye anayenisomea barua." Mtoto akaleta kitabu chake cha shule na kusoma ukurasa mzima bila kusita. Mwenzangu akamgeuzia kitabu juu chini. Mtoto akaendelea kusoma vilevile. Tulipompa karatasi yetu alikwama kwenye neno la pili. Bibi aliweka ungo chini na hakusema kitu mpaka tukaaga.

5. Nyumba zinachaguliwaje? Mbona kwangu hamkuja?

Kwa bahati nasibu, na si kwa sababu kwako hakupendezi. Mpango wa kawaida ni vijiji 30 katika wilaya na kaya 20 katika kila kijiji, maana yake kaya 600 kwa wilaya. Vijiji vinachaguliwa kutoka kwenye orodha ya sensa. Tathmini ya kwanza ya Tanzania mwaka 2010 ilifuata hesabu hiyo: wilaya 38, vijiji 1,140, kaya 22,800, watoto zaidi ya 42,000.

Ndani ya kijiji, kama kuna orodha ya kaya, inagawanywa. Kijiji chenye kaya 180 kinatoa kila kaya ya tisa. India, pasipo na orodha, kijiji hugawanywa mafungu manne, na katika kila fungu hupigwa hodi kila nyumba ya tano ya mkono wa kushoto. Kinachokatazwa kabisa ni mwenyekiti kukuchagulia nyumba. Kila mwenyekiti ana nyumba anazotaka wageni wazione, na karibu zote zina bati jipya.

6. Mtoto anaulizwa nini?

Kusoma kuna ngazi nne: herufi au silabi, maneno, aya fupi ya sentensi tatu nne, na hadithi. Hadithi ndiyo ngazi ya juu, na ugumu wake ni wa darasa la pili. India mtoto anaanzia kwenye aya. Akiisoma kwa mtiririko anapandishwa kwenye hadithi, akijikwaa anashushwa kwenye maneno, na maneno yakimshinda anakwenda kwenye herufi. Kwenye maneno anatakiwa kupata angalau manne kati ya matano. Anaandikwa kwenye ngazi ya juu kabisa aliyoifikia bila taabu.

Hesabu nayo ina ngazi zake: kutambua namba, kujua ipi kubwa, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, na mahali pengine kugawanya. Kutoa ndiko kunakowaangusha wengi. Andika 52 − 27 uone. Mtoto aliyekaririshwa atakuandikia 35: mbele amechukua 5 akatoa 2 akapata 3, nyuma amekuta 2 na 7, akatoa kidogo kwenye kikubwa akapata 5. Hajui kwamba anapaswa kukopa kumi. Ukisahihisha kwa kosa tu hujajifunza lolote, lakini ukimwangalia kidole kinavyotembea unajua hasa somo gani alilikosa.

Hakuna saa inayohesabu sekunde, na hakuna maksi. Kwa mtoto mmoja dakika kumi hivi zinatosha.

7. Mbona mnampa mtoto wa darasa la sita karatasi ya darasa la pili? Si kumdharau?

Makusudi yake ni kupima sakafu. Wanaopimwa ni wa miaka 6 au 7 hadi 16, na wote wanapewa karatasi moja, wanaosoma na wasiosoma, ili tuweze kuuliza swali moja kwa wote: je, kile ambacho mtaala unasema kimeshafundishwa kufikia darasa la pili kimeingia? Aliyefika la sita akaisoma hadithi nzima, vizuri, anaruhusiwa kucheka na kurudi kwenye mpira. Asipoweza, tumegundua jambo kubwa.

Kwa hiyo kipimo hiki hakisemi chochote kuhusu sayansi, historia, uandishi wa insha wala adabu. Anayetaka kujua kama shule fulani inafundisha fizikia vizuri atafute pengine.

8. Shule yenyewe mnaiangalia?

Ndiyo, kwa kawaida shule moja ya serikali katika kijiji. Wajitoleaji wanahesabu watoto waliopo siku hiyo na kulinganisha na rejesta, wanahesabu walimu, matundu ya vyoo, wanauliza maji na chakula cha mchana, wanatazama vitabu. Ni orodha fupi, ya kukamilisha mahojiano na si ya kuikagua shule.

9. Naweza kukataa mtoto wangu asipimwe?

Unaweza, na huhitaji kutoa sababu. Mtoto naye anaweza kukataa hata kama wewe umekubali. Aliyenuna halazimishwi, maana majibu ya mtoto aliyetishwa hayana faida kwa yeyote. Jina lake halitangazwi. Ukiona mjitoleaji anapiga picha ya mtoto wako bila kukuomba, mwambie aondoke na umpigie msimamizi wake.

## Kuyasoma matokeo

10. Kwa kifupi, matokeo yamekuwa yakisema nini?

Kwamba kuandikishwa shule na kujifunza ni mambo mawili. Nchi zetu zilijaza madarasa baada ya ada za msingi kufutwa, Uganda 1997, Tanzania 2001, Kenya 2003. Kisha duru za mwanzo za Uwezo zikaonyesha kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu Tanzania, takribani 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili, na kwa Kiingereza alikuwa mmoja hivi. Kenya nako hali ya darasa la tatu haikuwa mbali na hapo, ingawa watu wengi walitegemea ingekuwa.

Thamani ya kipimo kisichobadilika inaonekana zaidi pale kilipodumu. Vijijini India, watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma maandishi ya darasa la pili walikuwa asilimia 27.3 mwaka 2018. Shule zilifungwa kwa korona, na 2022 wakashuka hadi 20.5. Mwaka 2024 walikuwa wamerudi 27.1. Mitihani ya taifa, ambayo maswali yake hubadilika kila mwaka, haiwezi kukuonyesha shimo hilo wala namna walivyotoka humo.

11. Magazeti yaliandika "watoto hawajui kusoma". Ni kweli?

Hapana, na kichwa hicho cha habari kimetuletea ugomvi na walimu wengi. Mtoto aliyeshindwa hadithi anaweza kuwa anasoma aya. Aliyeshindwa aya anaweza kuwa anasoma maneno. Wasioweza hata silabi ni kundi dogo zaidi. Ripoti ina jedwali lenye ngazi zote, ila mhariri anachukua ngazi ya juu peke yake na kuifanya "kusoma".

Ukiona takwimu ya namna hii gazetini au kwenye simu, tafuta mambo mawili kabla hujaisambaza: ni watoto wa darasa gani, na walishindwa ngazi ipi.

12. Matokeo ya shule yetu nayapata wapi?

Huyapati, kwa sababu hayapo. Kaya 600 zinatosha kusema jambo la wilaya. Kaya 20 hazitoshi kusema jambo la kijiji, sembuse la shule, na watoto wa kijiji kimoja wanafanana mno: wana mwalimu yuleyule, njaa ileile, mto uleule unaofurika Machi. Ndiyo maana ni bora kwenda vijiji vingi na kuchukua watoto wachache kila kimoja.

Atakayekuonyesha karatasi inayopanga shule za kata yako ya kwanza hadi ya mwisho kwa kutumia tathmini hizi amekudanganya. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023. Kama unataka kujua hali ya shule yako mwenyewe, tazama swali la 22.

13. Kwa hiyo walimu ndio tatizo?

Sentensi moja haitoshi, na wanaotaka sentensi moja huwa wanataka kumfukuza mtu. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto zaidi ya mia moja kwenye chumba kimoja hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Akiwapa dakika moja moja kipindi kimekwisha. Mtaala nao unamsukuma: ukurasa wa leo lazima ufundishwe leo, aliyeachwa jana ameachwa. Tanzania ilikubali hoja hiyo kwa kiasi fulani ilipobadilisha mtaala mwaka 2015, madarasa mawili ya kwanza yakajikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Hata hivyo kuna madarasa niliyoyaona yakiwa na watoto 40, vitabu vipo kabatini kwenye plastiki, mwalimu yuko ofisini. Hilo nalo lisemwe.

## Uhuru na uaminifu

14. Nani anawalipa? Mnaweza kuwa huru huku mnafadhiliwa na wazungu?

Swali la haki. Fedha nyingi za kazi hii zimetoka nje: wakfu kama Hewlett wa Marekani, na mashirika ya misaada ya nchi za Ulaya. Wajitoleaji hupata nauli na posho ndogo ya siku za mafunzo na za kupima, si mshahara.

Mimi huwa natazama mahali pengine. Je, wanachapisha takwimu ghafi ili mtu mwingine azihesabu upya? Je, vijitabu vya majaribio viko wazi? Je, wanatoa matokeo hata yanapouaibisha mradi wao wenyewe? (Swali la 18 lina mfano mmoja mzuri.) Asasi inayotoa kijitabu chenye picha za kupendeza bila jedwali hata moja, huru au si huru, mimi siiamini.

Udhaifu halisi wa fedha za nje ni kwamba mfadhili akibadilisha mawazo kipimo kinakatika, na kipimo kilichokatika miaka mitatu ni kama saa iliyosimama.

15. Serikali inaruhusu?

Kwa vibali, ndiyo. Tanzania kibali cha utafiti kinatoka Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Kenya kwenye tume ya huko, NACOSTI. Chini yake kuna ngazi za nyumbani: barua ya mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti. Ukikosa ya mwenyekiti, ile ya COSTECH haitakufungulia mlango hata mmoja.

Njia haijawa nyoofu siku zote. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu Tanzania ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali au kuzitia dosari, na mwaka huohuo COSTECH iliiandikia Twaweza barua kuhoji kibali cha utafiti wake wa maoni ya wananchi. Benki ya Dunia ililalamika juu ya sheria hiyo, na 2019 ikarekebishwa tena, makali hayo yakaondolewa. Ninayaeleza haya kwa sababu vijana wa kujitolea bado huniuliza kwa sauti ya chini kama watakamatwa. Nenda na kitambulisho na nakala ya barua, na uandike unachokiona.

16. Wajitoleaji si wataalamu. Wakikosea au wakidanganya?

Wanakosea. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandika mtoto kuwa anasoma hadithi kwa sababu nilimhurumia, mama yake alikuwa akinitazama. Msimamizi aliporudi kwenye kaya ile kuhakiki aligundua, nikarudishwa mafunzoni kwa aibu.

Ndio ulinzi wenyewe: kipimo chepesi ambacho hakihitaji shahada kukitumia, siku kadhaa za mafunzo zenye mazoezi na watoto halisi, wajitoleaji wawili wawili, na msimamizi anayerudia baadhi ya kaya bila kutoa taarifa. Anayejaza fomu chini ya mwembe bila kupiga hodi hugunduliwa haraka, kwa sababu watoto wake hufanana mno.

## Inaleta nini

17. Baada ya miaka yote hii, kimebadilika nini?

Mazungumzo yamebadilika. Kabla ya hapo mjadala ulikuwa madawati, madarasa na idadi ya walioandikishwa. Leo hata kwenye malengo ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, lengo la 4, kuna kiashiria kinachouliza kama mtoto wa madarasa ya mwanzo anaweza kusoma na kuhesabu.

Kwa upande wa kufundisha, Pratham walitoka kwenye kupima wakaingia kwenye tiba: wapange watoto wa darasa la tatu hadi la tano kwa kile wanachokiweza, si kwa umri, saa moja kila siku, anayejua silabi na wa silabi, anayesoma aya na wa aya. Zambia wanafanya hivyo kupitia serikali, kwa mpango uitwao Catch Up. Upimaji unaofanyika pale ni uleule wa swali la 6, tofauti ni kwamba mwalimu ndiye anayeshika karatasi, na kesho yake anaitumia.

18. Nimesikia utafiti unasema kuwapa wazazi matokeo hakusaidii. Kweli?

Kweli, na ulifanyika Kenya juu ya kazi ya Uwezo yenyewe. Watafiti watatu, Lieberman, Posner na Tsai, walilinganisha wazazi waliopimiwa watoto na kuelezwa matokeo na wazazi ambao hawakufikiwa. Matokeo yao yalichapishwa 2014: hakukuwa na tofauti ya maana katika yale ambayo wazazi walifanya, nyumbani wala shuleni.

Maelezo yao yananiingia akilini. Ili taarifa imwinue mzazi kitini, lazima aielewe, iwe ngeni kwake, aone kwamba ni jukumu lake na si la serikali, ajue la kufanya, na aamini kwamba akilifanya litazaa. Kiungo kimoja kikikatika mnyororo wote umelala. Yule bibi wa swali la 4 alielewa kila kitu. Hakuwa na pa kukipeleka.

Tanzania, Twaweza walijaribu upande mwingine kupitia mradi wa KiuFunza, kuanzia 2013, katika shule 350. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, katika jingine walimu waliahidiwa bonasi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu kila somo, la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Bonasi peke yake ilitoa picha mchanganyiko. Vyote viwili pamoja viliongeza kwa kiasi kinachoonekana. Wapo wanaochukia wazo la kumlipa mwalimu kwa matokeo, na sababu zao si za kipuuzi.

## Ya pembeni

19. Mtoto wangu yuko bweni. Anahesabiwa?

Hahesabiwi, na ni pengo. Tathmini ya kaya inawapata wanaolala nyumbani. Mabweni yanapokuwa mengi, hasa ya shule binafsi za msingi, watoto ambao huenda wanasoma vizuri wanakosekana, na wilaya inaonekana dhaifu kidogo kuliko ilivyo.

20. Na mtoto asiyeona, au kiziwi?

Karatasi yenye maandishi ya kusomwa kwa sauti haimtendei haki yeyote kati yao. Kinachofaa ni breli kwa mmoja na lugha ya alama kwa mwingine, pamoja na mjitoleaji anayevijua. Pasipo na hayo, aandikwe kama mtoto aliyekutwa nyumbani na hakupimwa kwa sababu fulani, asiwekwe kwenye kundi la "hajui". Nimeona fomu zikimweka huko. Ni kosa baya kuliko mengi niliyoyataja hapo juu.

21. Mwanangu anasoma shule ya Kiingereza. Mnampima kwa lugha gani?

Tanzania na Kenya hupewa zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, na kila moja inaandikwa peke yake. Uganda kulikuwa na Kiingereza, na katika baadhi ya maeneo lugha za huko, kama Luganda. Usishangae mtoto wa shule ya Kiingereza akisoma hadithi yote kwa lafudhi safi kisha akashindwa maswali mawili ya ufahamu. Kutamka na kuelewa haviendi pamoja siku zote.

Kwa mtoto ambaye nyumbani anasema Kisukuma au Kiha, Kiswahili chenyewe ni lugha ya darasani. Akishindwa hadithi, huenda kikwazo chake si kusoma.

22. Tunaweza kujipima wenyewe, nyumbani au kama kamati ya shule?

Mnaweza leo jioni. Kwa mtoto mmoja, andika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa zinazosomeka, maneno matano: *meza, kuku, shoka, ng'ombe, mwamba*. Chini yake weka aya:

*Juma ana mbuzi mmoja. Mbuzi wake ni mweupe. Asubuhi humpeleka malishoni. Jioni hurudi naye nyumbani.*

Mwanzishe kwenye aya, akijikwaa mshushe kwenye maneno, na yakimshinda mwandike kwenye kundi la silabi. Usimsahihishe, usimharakishe, na mwondoe kaka yake anayenong'ona majibu nyuma ya mlango. Akimaliza muulize mbuzi ana rangi gani. Usitumie kitabu chake cha shule, sababu uliiona kwenye swali la 4.

Kwa kamati ya shule, wapimeni watoto wote wa darasa la tatu kwa namna hiyohiyo, mmoja mmoja, mbali na wenzao. Mkipima wachache mliowachagua nyinyi, mtakuwa mmerudi kwenye nyumba za bati jipya. Mwalimu wa darasa awepo na ajue tangu mwanzo kwamba majina hayatasomwa mkutanoni. Mkutanoni pelekeni idadi tu: wangapi silabi, wangapi maneno, wangapi aya. Halafu mkubaliane kabla ya kutawanyika ni nani, siku gani na saa ngapi atakaa na lile kundi la silabi.